Jua Likichomoza, Jeni Huamka: Mabingwa wa Mwani wa Kijani

Tangi la maji likiachwa wazi juani, baada ya siku chache maji yake hugeuka kijani. Mwenye nyumba hulalamika, huchukua brashi, husugua. Sisi leo hatusugui, tunatafuta mabingwa. Ndani ya ukijani ule, na kwa jamaa zake wa baharini, jangwani na chini ya barafu, wamo viumbe ambao kwao mwanga si chakula tu, ni amri. Ukija, jeni fulani huingia kazini. Ukiondoka, nyingine hushika zamu. (Wasomaji wa Unguja wasinilaumu: mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa kundi jekundu, hata pale unapoonekana wa kijani. Hauko kwenye mashindano haya.)

Tutajuaje kwamba jeni iko kazini? Seli ikitaka kuitumia jeni huinakili kwanza, na nakala hiyo ndiyo hufuatwa kutengeneza protini. Watafiti huhesabu nakala. Zikiwa nyingi, jeni ina kazi. Zikikosekana, imelala.

Mwenye ratiba kali

Huyu ni Chlamydomonas reinhardtii, na ndiye anayejulikana zaidi maabarani. Mbegu ya ukoo unaotumika leo ilitolewa kwenye udongo wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1945. Ni seli moja tu: ukizipanga mia moja kwa mstari, ndipo utapata milimita moja. Ina mijeledi miwili ya kuogelea na doa la rangi ya chungwa ubavuni, linaloisaidia kujua mwanga unatoka upande gani. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2007, ikiwa na jeni zipatazo 15,000.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walizilea seli hizi kwa saa 12 za mwanga na 12 za giza, wakahesabu nakala za jeni usiku na mchana. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni walizozipima zilipanda na kushuka kwa mpangilio uleule kila siku, zikiwa zimejigawa katika makundi makubwa 18. Yaani katika kila wafanyakazi kumi wa kiwanda, wanane hawagusi kazi mpaka ifike saa yao. Jeni za kunasa mwanga huchangamka mchana. Zile za kunakili DNA na kugawa seli husubiri jua likichwa; hapo seli iliyonenepa kutwa nzima hujigawa mara mbili, nne, nane, pengine hata kumi na sita, kwa mfululizo. Kwa nini usiku? Sababu moja inayotajwa ni kwamba wakati wa kujigawa mijeledi hupotea, na kupoteza mijeledi mchana ni kupoteza nafasi ya kuufuata mwanga.

Hata hivyo si mtumwa wa jua kwa kila jambo. Funika mche wa mahindi kwa ndoo na utaota wa manjano, kwa kuwa mahindi hayawezi kukamilisha klorofili bila mwanga. Chlamydomonas hubaki kijani gizani, kwa sababu anazo jeni nyingine zinazoimaliza kazi hiyo bila kungoja jua.

Mdogo kuliko wote

Mwaka 1994, katika wangwa wa Thau kusini mwa Ufaransa, alipatikana Ostreococcus tauri. Kipenyo chake hakifiki mikromita moja. Kuna bakteria wengi wanaomzidi ukubwa, lakini yeye si bakteria: ana kiini kimoja, kloroplasti moja, mitokondria moja, kama msafiri aliyefunga mzigo wa kutosha begi dogo tu. Jenomu yake, iliyosomwa mwaka 2006, ina jeni kama 8,000. Hakuna kiumbe anayejitegemea mwenye kiini aliye mdogo kuliko yeye anayejulikana.

Watafiti walipompima chini ya mwanga na giza kwa zamu, karibu jeni zake zote zilifuata mzunguko huo. Lakini si hilo linalomfanya awe kipenzi changu. Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya jaribio lisilo na huruma: waliwaacha viumbe hawa gizani mfululizo. Kunakili jeni kukakoma. Duka limefungwa, taa zimezimwa, hakuna mtu. Na bado protini moja iitwayo peroksiredoksini iliendelea kubadilika na kurudi, kubadilika na kurudi, kwa mzunguko wa saa 24 hivi. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walisema saa ya mwilini huendeshwa na jeni zinazoamka na kulala. Kiumbe asiyeonekana kwa macho akawaonyesha kwamba saa inaweza kwenda hata jeni zikinyamaza. Kama kombe lingekuwa mkononi mwangu, lingeenda Thau.

Aliyekatwa kiini asijali

Acetabularia ana umbo la mwavuli mdogo, ana urefu wa sentimita kadhaa, na ni seli moja. (Caulerpa, anayeota hata kwenye pwani yetu, ni seli moja kubwa zaidi, lakini ana viini chungu nzima.) Kiini cha Acetabularia kiko chini, kwenye mguu. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Joachim Hämmerling aliukata mguu huo, na seli ikaendelea kuotesha mwavuli wake; maagizo yalikuwa yameshatumwa juu. Mwaka 1961 Beatrice Sweeney na Francis Haxo wakaonyesha kwamba hata bila kiini, usanisinuru wake huendelea kupanda na kushuka kwa saa za siku.

Huyu pia huchagua rangi. Mpe mwanga mwekundu peke yake, ukuaji utadorora hadi kusimama. Mwashie wa buluu, ataanza tena.

Jua la utosini, na shimo la giza

Chlorella ohadii anaishi kwenye tabaka la juu la mchanga wa jangwa nchini Israeli. Ukimpa mwanga mara mbili ya jua kamili, ambao ungewababua wenzake, yeye huendelea kukua na kujaza ghala la wanga na mafuta. Wagunduzi wake walimtangaza kuwa mwepesi wa kukua kuliko mwani wa kijani wowote uliowahi kuripotiwa.

Upande wa pili yuko mwani mmoja wa kijani wa Ziwa Bonney, Antaktika, chini ya barafu isiyoyeyuka, asiyeliona jua kwa miezi na hata kiangazi hupata mwanga hafifu tu wa buluu na kijani. Amepoteza ujanja mmoja ambao jamaa zake hutumia kusawazisha kazi ya mwanga; anapoishi, mwanga haubadiliki kiasi cha kuuhitaji. Na Polytomella, binamu wa Chlamydomonas, ameachana na mwanga moja kwa moja: mwaka 2014 ilionekana kwamba DNA ya kloroplasti yake imetoweka yote.

Jeni iliyosafiri mbali zaidi

Mwaka 2002 na 2003 Georg Nagel, Peter Hegemann na Ernst Bamberg, wote wa Ujerumani, walieleza protini za Chlamydomonas ambazo zikiguswa na mwanga hufungua mlango wa umeme kwenye ngozi ya seli. Ndizo zinazomwezesha kuogelea kuelekea jua. Mwaka 2005 jeni ya mojawapo ilitiwa katika seli za neva, na neva zikaanza kutii taa.

Mwaka 2021 zikatoka habari za mwanamume wa miaka 58 aliyepofushwa na ugonjwa wa retina. Jicho lake moja lilidungwa jeni inayotokana na mwani, na chanzo chake ni Chlamydomonas noctigama. Baada ya miezi ya mazoezi, akiwa amevaa miwani maalumu inayogeuza picha kuwa mwanga wa rangi ya kaharabu, aliweza kuona daftari mezani, kulinyooshea mkono na kuligusa.