Fildimashali Asiye na Kamisheni

Kila mara Jeshi la Ulinzi la Kenya linapotangaza nafasi, vijana wa Laare, huko Meru, huacha kufunga miraa kwa siku moja, wakaenda kupimwa urefu, kukaguliwa meno na kukimbizwa uwanjani wakiwa pekupeku. Mwenye gredi ya B katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kulenga juu zaidi na kuomba ukadeti. Akichukuliwa, anaenda chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, na siku ya kuhitimu anapewa kamisheni ya Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Ngazi iliyo mbele yake inajulikana: luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia, kisha majenerali wa nyota mbili, tatu na nne. Nyota nne huvaliwa na mtu mmoja tu, Mkuu wa Majeshi. Sheria ya mwaka 2012 inampa miaka minne, au hadi atimize umri wa miaka 62, lolote litakalotangulia.

Juu ya jenerali Kenya haina cheo. Hata hivyo, ukiwauliza wazee wa Igembe na Tigania, maeneo ya Meru, watakutajia fildimashali wao bila kusita: Musa Mwariama. Alizaliwa mwaka 1928, akaingia msituni wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, na hadi uhuru unapatikana hakuwa amekamatwa wala kuuawa. Viongozi wengi wa Mau Mau wa cheo cha juu hawakuweza hivyo. Dedan Kimathi, kiongozi mkuu wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza vikosi vya Mlima Kenya, alitiwa mbaroni mapema zaidi, Januari 1954.

Vyeo hivi vilitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa vilitoka kwa adui. China alikuwa amepigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, na wenzake kadhaa waliwahi kuvaa sare hiyo au kuwaona wanaoivaa. Ila katika KAR Mwafrika hakupanda mbali. Hata katika miaka ya 1950, Waingereza walipotaka kuwapoza Waafrika, waliwapa cheo cha efendi, kilichomweka mtu juu ya sajini lakini chini ya afisa Mzungu mchanga kuliko wote. Msituni mambo yalipinduliwa. Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, katika msitu wa Nyandarua, wakaunda Baraza la Ulinzi la Kenya, wakayapa majeshi yao majina na kugawa vyeo. Jeshi la Mlima Kenya likaitwa Mei Mathathi.

Cheo kikishatolewa kilibidi kilishwe. Jenerali wa msituni hakuwa na mshahara wa kumlipa mtu wala mahakama ya kijeshi yenye jela. Alikuwa na watu waliomfuata kwa kiapo, na walimfuata mradi chakula kinafika kutoka vijijini. Waingereza walilielewa jambo hili vizuri. Kuanzia mwaka 1954 waliwahamishia watu kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua, wakawalazimisha raia kuchimba mtaro mrefu kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya na kuujaza miti iliyochongwa. Kwa maoni yangu, mtaro huo uliwashusha vyeo majenerali wengi kuliko bunduki na ndege za Jenerali George Erskine wa jeshi la Uingereza. Kikosi kisicholetewa chakula hugawanyika makundi madogo madogo, na jenerali wa watu kumi ni jenerali kwa jina. Kwa hiyo kubaki na wafuasi hadi mwaka 1963, kama Mwariama, kulihitaji zaidi ya ujasiri. Kulihitaji nyumba ambazo milango yake ilifunguliwa usiku, mwaka baada ya mwaka.

Desemba 1963 bendera ilipandishwa. Ipo picha ya wakati huo: Mwariama na nywele zake ndefu zilizosokotana, akiwa na Jomo Kenyatta. Kwa picha hiyo mtu angedhani jeshi la msituni ndilo lililokabidhiwa kambi. Halikukabidhiwa. Jeshi la Kenya huru lilikuwa KAR ile ile iliyobadilishwa jina, vikosi vya 3, 5 na 11 vikawa Kenya Rifles, na askari wake ni wale waliokuwa wakiwasaka Mau Mau juzi tu. (Mmoja wa waliotumwa kutoka Uganda katika msako huo aliitwa Idi Amin. Mwaka 1975 alijipandisha mwenyewe kuwa fildimashali, na dola lilikuwa mkononi mwake kumpigia mhuri.) China alipewa kazi katika Vijana wa Huduma kwa Taifa. Jenerali wa kwanza Mwafrika kuongoza majeshi yote, Joseph Ndolo, alikuwa mtu wa KAR.

Mmeru mwingine mwenye cheo hicho hicho, Fildimashali Baimungi Marete, hakuridhika na jinsi ardhi ilivyogawanywa, akarudi msituni. Mwaka 1965 aliuawa na vyombo vya usalama vya serikali ya Kenya huru.

Mwariama alifariki mwaka 1989. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, kwa hiyo kisheria alikufa akiwa mwanachama wa kundi haramu. Na Uingereza ilipokubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9, malipo yalikuwa ya walioteswa wakiwa kizuizini. Kanuni hiyo isingemhusu hata kama angekuwa hai, maana Waingereza hawakuwahi kumshika.