Je, Wajua? Altezza si Moja

Je, wajua kwamba herufi za "RS200" kwenye buti la Toyota Altezza hazithibitishi kitu? Tembea maduka ya spea ya Gerezani, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, uone jinsi nembo zinavyouzwa: za chuma, za plastiki, zote zina gundi mgongoni. Unafuta vumbi, unabandika, unaondoka. Gari iliyoingia mtaani asubuhi ikiwa AS200 inaweza kulala ikiwa RS200, na bei ikapanda nayo. Ninaipenda gari hii kwa dhati, ndiyo maana inaniuma kumwona mtu amelipia jina asilolipata.

Je, wajua kwamba jibu liko kwenye kadi ya gari? Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japan halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Namba yake ya chesisi huanza na jina la modeli, kisha kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Ikianza na SXE10, hiyo ni RS200. Ikianza na GXE10, hiyo ni AS200. Kabla hujawasha injini, kabla hujauliza bei ya mwisho, omba kadi, kisha linganisha na namba iliyogongwa kwenye bodi.

Je, wajua kwamba herufi hizo zinataja injini? S ya mwanzo inatokana na injini ya 3S, na G inatokana na 1G. Kwa hiyo kijana wa Dar anayeiita Toyota Mark II au Chaser "GX100" ameshakutajia injini yake, ni 1G. Ile yenye injini ya JZ huandikwa JZX100. Chaser Tourer V, yenye turbo na nguvu za farasi 280, ni JZX100. Ukiona maneno "Tourer V" yamebandikwa kwenye GX100, hayo ni mapambo.

Na jina lenyewe je? Altezza ni neno la Kiitaliano, ndilo wanalotumia kumwita mwana wa mfalme: Mtukufu. Toyota waliizindua Japan Oktoba 1998, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la nchi hiyo ya 1998–1999. Aliyeongoza wahandisi wake ni Nobuaki Katayama.

Je, wajua kwamba yenye silinda nyingi ndiyo yenye nguvu kidogo? Hapa ndipo wengi hupotea. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na inatoa nguvu za farasi 160. RS200 ina 3S-GE, silinda 4 tu, lakini inatoa 210 ikiwa na gia za mkono na 200 ikiwa otomatiki. Tofauti inatokana na ufundi wa kichwa cha injini, ambacho Toyota walikitengeneza wakishirikiana na Yamaha. Vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi hubadilishiwa muda wa kufunguka kadiri mwendo unavyobadilika, na injini inavuta pumzi hadi mizunguko 7,600 kwa dakika ndipo itoe nguvu zake zote. Mizunguko hiyo ni mingi sana. Kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi hutaigusa hata nusu yake, na injini itakuwa inanung'unika tu huku daladala zikikupita. AS200 kwa upande wake ni laini, inatoka taratibu, na mlio wake wa silinda 6 ni mtulivu. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi katikati ya jiji, mimi ningemshauri AS200 bila kusita. RS200 ya gia za mkono ni ya mtu anayeijua barabara ya wazi na anajua kuiheshimu.

Fungua boneti uhesabu plagi: 4 au 6. Huhitaji fundi kwa hilo.

Je, wajua kwamba hata gia zinasema? Matoleo yote mawili yalikuja na gia 6 za mkono. Otomatiki ndiyo iliyotofautiana: ya RS200 ina gia 5, ya AS200 ina 4. Ukiambiwa "RS otomatiki" na ikaishia gia ya 4, rudi kwenye kadi.

Toleo la Z Edition lilitoka kiwandani na rimu za inchi 17. Siku hizi rimu hizo huhama gari hadi gari, kwa hiyo usizichukue kama ushahidi. Tairi zake ni nyembamba ubavuni, na mashimo yetu ya msimu wa masika hayana huruma nazo.

Je, wajua kwamba Japan haikuwahi kuuziwa Altezza sedani ya lita 3? Injini ya 2JZ-GE waliiweka kwenye Altezza Gita, ile yenye mkia mrefu wa kubebea mizigo, iliyotoka 2001. Toleo lake linaitwa AS300, na namba zake huanza na JCE. Sedani yenye injini hiyo iliuzwa nje kwa jina la Lexus IS300. Basi ukikuta Altezza sedani ya soko la Japan ina 2JZ, ujue kuna fundi aliyeipandisha. Si dhambi, na wapo mafundi wa kuaminika kabisa kwa kazi hiyo, ila namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku lazima ilingane na ya kwenye kadi.

Na ile nembo ya Lexus kwenye grili? Nchini Japan, Lexus ilianza kuuzwa kwa jina hilo 2005, mwaka ambao Altezza ilikuwa inaaga. Gari hii ikiwa imetoka soko la Japan, nembo hiyo ilibandikwa baadaye.

Je, wajua kwamba taa zake za nyuma zilipata jina lao? Kioo cheupe cha wazi, ndani duara nyekundu juu ya mng'ao wa fedha. Zilinakiliwa kwa magari chungu nzima, na Marekani taa za mtindo huo huitwa "taa za Altezza" hata zikiwa kwenye pikapu.

Je, wajua kwamba herufi kwenye buti ziliheshimika hapa kwetu kabla Altezza haijazaliwa? Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari wakiwa na Datsun 1600 SSS. SSS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya sedani ya michezo iliyo bora zaidi, na tofauti yake na 1600 ya kawaida ilianzia kwenye kabureta: SSS ilikuwa na mbili. Mwaka uliofuata wawili hao hao walishinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z.

Je, wajua kwamba RS200 na AS200 zimepishana sentimita 10 tu za ujazo? Ya kwanza ni 1,998, ya pili ni 1,988. Hati za Japan huandika ujazo kwa lita, 1.99 na 1.98, na ndiyo maana kwenye kadi zetu utakuta 1990 au 1980. Angalia tarakimu ya tatu.