Wanaochoreana Majoka

Katika kikao cha mwisho cha mzazi, mwanafunzi na mwalimu mlezi, habari ya alama tuliimaliza mapema, kwa sababu alama za binti yangu ni nzuri. Mwalimu akafunika kompyuta yake, akapunguza sauti, akamuuliza binti yangu kama ana marafiki wa kweli. Saa za mapumziko anamwona peke yake na daftari, anachora majoka. Binti akajibu kwamba marafiki anao, wengi ni wachoraji wenzake: mmoja yuko Ufilipino, mwingine Poland, mwingine Brazili. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaifunua tena kompyuta na kuandika. Nilipouliza anaandika nini, akasema ni dokezo tu, kwamba shule itaendelea kufuatilia upweke wake.

Nimekaa na hasira hiyo hadi nimeona heri niandike. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa huku, maana swali hilohilo nimelisikia hata kwenye shughuli zetu, likiulizwa kwa ukali zaidi: mtoto mnamwachaje na watu asiowajua?

Desturi hii ya wachoraji wa kujifurahisha kuchoreana na kuandikiana ilipata moja ya nyumba zake za kwanza mjini hapahapa. Tunaishi Linköping, Sweden. Mwaka 1996 kijana wa Kiswidi, Thomas Abrahamsson, alifungua maonyesho ya michoro ya fantasia kwenye kompyuta za Lysator, chama cha wapenzi wa kompyuta cha Chuo Kikuu cha Linköping kilichoanzishwa 1973. Aliyaita Lothlorien, jina la msitu katika vitabu vya Tolkien. Baadaye yakaitwa Elfwood. Palikuwa na sehemu ya majoka na wachawi, sehemu ya vyombo vya anga iliyoitwa Zone 47, na maktaba ya hadithi. Watu walichora kwa penseli nyumbani, wakapitisha karatasi kwenye skana, wakatuma. Kabla mchoro haujaonekana, mtu wa kujitolea aliukagua kwanza. Chini ya kila mchoro wageni waliweza kuandika maoni, na urafiki ulianzia hapo. Mtu akisifu mbawa za joka lako, kesho yake unakwenda kutazama kazi zake. Unaona anahangaika na mikono (mikono ni taabu ya kila mchoraji, ndiyo maana mashujaa wengi wamesimama wameificha nyuma), unamweleza wewe unavyofanya. Kisha yakakusanywa masomo yaliyoandikwa na wachoraji wenyewe, kuhusu kivuli, mikunjo ya nguo, manyoya, na jinsi goti la farasi linavyokunjika.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipofika huku kusoma, sina ndugu wala jamaa, nilimchora shujaa wetu Fumo Liyongo akipiga magoti kisimani, na mwanamke mmoja wa Kanada akaniuliza kwa nini aliuawa kwa sindano ya shaba. Nilimjibu kirefu. Akarudi na Liyongo wake mwenyewe, amemvalisha manyoya kama mtu wa nchi ya baridi. Nikamwonyesha joho lilivyo na kilemba kinavyofungwa, naye akanifundisha kwamba theluji haichorwi kwa rangi nyeupe, huchorwa kwa vivuli vya buluu. Tuliandikiana kwa miaka. Jina la ukoo wake sikulijua kamwe. Elfwood haipo tena, naye sijui aliko, wala siuhesabu urafiki ule kuwa pungufu kwa sababu hiyo. Hatukuahidiana kufa na kuzikana. Tulipendana kwa kazi za mikono yetu, na zikatutosha.

Kwa nini mambo haya yalishika mizizi Sweden? Ninalo jibu langu. Kwanza, Waswidi wamezoea kuyaona mazimwi. John Bauer, aliyezaliwa 1882 huko Jönköping, si mbali na hapa, alianza mwaka 1907 kuchora katika kitabu cha hadithi za watoto kilichotoka kila Krismasi, na mazimwi ya misituni ambayo kila mtoto wa nchi hii anayajua, yenye pua ndefu, ni ya mkono wake. Alikufa maji 1918 katika ziwa Vättern, pamoja na mkewe na mwanawe mdogo, meli ya Per Brahe ilipozama. Lakini sababu kubwa zaidi ni namna watu wa hapa wanavyokutana, na kuieleza hiyo lazima nianzie kwenye chumba cha kufulia.

Majengo mengi ya ghorofa nchini Sweden yana chumba cha kufulia cha wapangaji wote, mara nyingi chini kabisa. Zamu huwekwa mapema, kwa kufunga kufuli dogo lenye namba ya nyumba yako kwenye ubao wa ratiba, au siku hizi kwa programu ya simu. Saa zako zikianza, kila kitu ni chako: mashine, kikausho, kabati lenye joto la kuanikia. Saa zikiisha uwe umetoka. Kabla ya kutoka unafagia, unafuta kikasha cha sabuni, unatoa nyuzinyuzi kwenye chujio la kikausho. Usipozitoa, utakuta karatasi imebandikwa ukutani, haina jina, imeandikwa kwa herufi kubwa, na imejaa hasira ambayo mwenyewe asingekutamkia ana kwa ana hata kwa fedha. Jirani huyo ukikutana naye ngazini atatabasamu na kupita. Mara nyingi hata hamkutani, kwa sababu watu husimama nyuma ya mlango wakichungulia kwenye tundu hadi ngazi ziwe tupu, ndipo watoke.

Nimekaa katika jengo hili tangu kitindamimba wangu hajazaliwa. Najua nani hufua Jumanne na nani hutumia sabuni isiyo na harufu. Usiku ule gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua mume wangu, taa za gari zikizunguka kwenye madirisha ya kila mtu, hakuna mlango uliofunguliwa. Kwetu ingekuwaje, nyinyi mnajua, sina haja ya kueleza. Aliyekesha na binti yangu usiku huo ni yule mtoto wa Poland, wanaandikiana hadi asubuhi. Kesho yake akamtumia mchoro: mhusika wa binti yangu amelala chini ya ubawa wa joka, na joka liko macho. Mume wangu alipona, namshukuru Mungu. Mchoro ule tumeuchapa, uko ukutani sebuleni. Nilitamani mwalimu aje auone kabla ya kuandika habari ya upweke.

Sisemi Waswidi hawana utu. Ninachosema ni kwamba Mswidi hufunguka pakiwa na jambo la kufanya na wenzake, ndiyo maana nchi hii ina vyama vya kila kitu, vya kwaya, vya kuokota uyoga, vya mbwa, vyenye katiba, mhazini na mkutano mkuu wa mwaka. Mtu aliyekukwepa ngazini, ukimkuta kwenye kwaya atakusimulia habari za mama yake. Lysator ni chama cha aina hiyo, na Elfwood ilizaliwa na roho hiyo ya watu kukutanishwa na kazi iliyo mbele yao. Sasa mwalimu aliyelelewa katika nchi ya namna hii anashindwaje kumwelewa mtoto ambaye marafiki zake ni wale wanaofanya naye kazi anayoipenda?

Baadaye uwanja ulipanuka. Mwaka 2000 ilifunguliwa DeviantArt huko Marekani na umati ukahamia huko, kisha kwenye mitandao mingine, lakini taratibu zilibaki zilezile. Kila mchoraji ana wahusika wake aliowabuni mwenyewe, wana majina, makovu na ugomvi wao. Wa binti yangu ni nguva wa mkondo wa Pemba, magamba yake yana mapambo ya kanga na shingoni amevaa hirizi. Kuna kubadilishana, mimi nakuchorea wako nawe unanichorea wangu. Kuna zawadi isiyoombwa, ambayo haidaiwi popote, ila ni kama sahani ya jirani, hairudi tupu. Na tangu 2016 kuna Art Fight kila Julai. Washiriki hugawanywa timu mbili, na kumshambulia mtu wa timu nyingine ni kumchora mhusika wake. Kichwa cha penseli kina pointi chache. Mwili mzima wenye rangi, kivuli na mandhari una nyingi. Aliyeshambuliwa hulipiza kisasi kwa kuchora. Mwezi mzima binti yangu anasoma maelezo ya watu asiowajua ili asikosee pete ya sikio au kidole kilichokatika. Mtu anayetumia jioni nzima kuhakikisha kidole chako kimekatika mkono ulio sahihi amekusikiliza, na mimi naliita jambo hilo urafiki.

Mwalimu aliuliza pia kama siku hizi kompyuta haichori yenyewe. Hilo lina historia chungu. Agosti 2022 ilitolewa kwa umma Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha iliyofunzwa kwa picha zilizozolewa kwenye intaneti bila wenyewe kuombwa. Novemba mwaka huo DeviantArt nayo ikatoa ya kwake, na wanachama wengi waliona wamesalitiwa na nyumba yao. Desemba wachoraji wa ArtStation, mtandao mwingine wa michoro, wakazijaza kurasa zake picha za kupinga. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, wakafungua kesi mahakamani. Kwa hawa wa kujifurahisha, hofu hiyo iliwasukuma wengi kwenye vikundi vidogo vya Discord vyenye mlango, ambako kazi huonyeshwa ikiwa bado mistari tu na kila mmoja anaona mkono wa mwenzake unavyosahihisha. Vikundi hivyo si rahisi kuonekana na mtu wa nje. Mwalimu anaona daftari na mtoto mmoja.

Kuhusu usalama, sisi nyumbani tuna masharti: hakuna jina kamili, hakuna jina la shule, hakuna picha ya uso, na tableti ya kuchorea inakaa sebuleni. Binti ameyashika bila ugomvi. Anayenisumbua ni mdogo wake.

Huyu ana miaka 9, na tangu alipoona dada yake analetewa zawadi anataka na yeye apewe. Mhusika wake ni mamba mwenye mbawa za popo, anaishi mto Pangani na anakula treni. Yeye hana akaunti wala hatapata kwa umri huo, kwa hiyo dada yake alimpigia picha mchoro na kuupeleka kwa rafiki wa Brazili. Rafiki akamchora mamba kwa rangi kamili, amelishika behewa kinywani. Kijana aliutazama mchoro muda mrefu, kisha akasema meno hayatoshi. Dada akaona aibu kuipeleka lawama hiyo, lakini mdogo wake akaiandika mwenyewe kwa Kiingereza chake cha shule, pamoja na kielelezo cha taya. Mbrazili akaongeza meno yote usiku huohuo na kumwomba msamaha mamba. Sasa kila jioni baada ya chakula kijana anauliza Brazili ni saa ngapi, na mwaka huu amejifunza ramani ya dunia zaidi kuliko alivyowahi kufundishwa.

Julai tutakuwa Tanga kwa bibi yao. Bibi alikuwa na lake kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, hilo tumekwisha kuongea naye. Siku hizi yeye ndiye anayemsimulia mjukuu kwenye simu jinsi nguva anavyosuka nywele. Binti ameshapanga orodha ya watu atakaowashambulia kutoka barazani kwa bibi, asubuhi kabla jua halijawaka. Mdogo wake anataka kujua kama treni bado inapita Korogwe, kwa sababu mamba amepungukiwa chakula.