Lagi Hubanwa, Haigongwi Nyundo

Mwenye saluni mmoja hapa Saboti alikuwa kwenye betri ya pili ndani ya mwaka mmoja. Kila akiwasha draya ya nywele, inveta ilipiga kelele kidogo kisha ikazima. "Fundi, hii betri ni mpya, risiti ninayo," aliniambia. "Wamenipatia mbovu tena?"

Betri haikuwa na neno. Draya ikinguruma, kabla inveta haijazima, niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri, ya pili kwenye shaba ya waya uliofungwa papo hapo. Mita ikasoma volti 0.8. Njia ya sentimita chache tu, na tayari karibu volti nzima imepotea.

Draya ya wati 900 kwenye stima ya volti 240 hula chini ya ampea 4. Ukiiendesha kwa betri ya volti 12, inveta hulazimika kuvuta kama ampea 80. Zidisha 80 kwa 0.8 upate wati 64, joto la kuizidi globu ya zamani ya wati 60, nalo limefungiwa ndani ya kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Ngozi ya waya ilikuwa imekauka, kahawia kama ukoko wa ugali.

Kipande hicho ndicho lagi: upande mmoja bapa wenye tundu la boliti, upande wa pili mrija wa kuingiza waya. Nilipoikata, mambo yakawa wazi. Aliyeifunga aligonga mrija kwa nyundo, kisha akamimina lehemu juu. Kwa nje ilimeta. Ndani, nusu ya nyuzi zilikuwa zinacheza.

Wengi huamini lehemu ndiyo inayobeba umeme. Ile ya bati na risasi hupitisha umeme kwa takriban sehemu moja ya tisa tu ya uwezo wa shaba, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Kiungo kibovu kikichemka vya kutosha, kinajifungua chenyewe. Kwenye ubao wa redio lehemu ni mfalme. Kwenye waya mnene wa betri, kazi ni ya kubana.

Koleo la kubania, la mikono mirefu au la haidroliki, huusukuma mrija kutoka pande zote, mara nyingi kwa umbo la pembe sita, mpaka nyuzi zinapoteza umbo lao la mviringo na kushikamana kuwa kama chuma kimoja. Hewa haina pa kupita, wala unyevu, na huku chini ya Mlima Elgon unyevu hatukosi. Sharti ni vipimo vilingane: waya wa milimita za mraba 25, lagi ya 25, taya za 25. Menya waya urefu wa mrija tu, usikate hata uzi mmoja, ingiza mpaka mwisho, bana, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Ukichomoka, heri umechomoka mkononi mwako. Juu yake vesha mpira unaosinyaa kwa joto.

Usipake nyuzi lehemu kabla ya kubana au kukaza kwa skrubu. Lehemu ni laini. Ikikandamizwa hutambaa polepole, na skrubu uliyokaza leo italegea yenyewe. Kwenye bodaboda ubaya wake ni mwingine: waya ulionyonya lehemu hukakamaa, na mtikisiko wa barabara huukatia pale ugumu unapoishia. Waya za ndege pia, kwa sehemu kubwa, hubanwa.

Wakati wa kufunga, lagi ikae moja kwa moja juu ya nguzo ya betri, washa ya boliti ije juu yake. Nimekuta nyingi zilizowekwa washa ya chuma katikati, na umeme wote unapitia hapo. Vua pete ya kidoleni, na anza kufungua upande hasi.

Saluni ile nilibadilisha lagi mbili. Mita ikashuka chini ya volti 0.02, na betri iliyolaumiwa bado inafanya kazi. Kwa hiyo fundi akija kwako na inveta mpya, kabla hajakata waya, mwambie akuonyeshe koleo lake la kubania. Akitoa nyundo, mpe chai aende zake.