Hedifoni za wazi: pima kwa sikio na kwa saa kabla mtaji haujatoka

MTAJI mdogo hauna nafasi ya kubeba bidhaa inayorudi dukani. Kwa mfanyabiashara wa Usoke, wilayani Urambo, jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa fedha nyingi za wateja wake hufuata msimu wa tumbaku. Wakulima wakilipwa, simu, redio na vifaa vyake hununuliwa. Malipo yakipita, mzigo uliobaki dukani husubiri msimu mwingine huku fedha ya mwenye duka ikiwa imelala ndani yake.

Miongoni mwa bidhaa zinazoweza kuleta faida au kufunga fedha kwa namna hiyo ni hedifoni za wazi za bei nafuu. Hizi ni zile ambazo mgongo wa kikombe chake una wavu au matundu, hivyo hewa na sauti hupita pande zote mbili. Hedifoni za kufunga zina mgongo mzima na huziba sikio. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atazipenda, atazivalia wapi, na kama atarudi dukani kununua nyingine au kudai fedha yake.

Funzo la shanga

Njia inayopita maeneo hayo iliwahi kuwafundisha wafanyabiashara somo hilo mapema. Kabla Reli ya Kati haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bidhaa za Unguja na Bagamoyo zilibebwa na misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Shanga zilikuwa fedha ya njiani. Henry Morton Stanley, aliyefunga mizigo yake mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyekundu zilipokelewa vizuri Unyamwezi, wakati shanga nyeusi zilizotumika Ugogo hazikuwa na thamani kwingineko. Msafiri aliyekosea rangi alibeba mzigo mzuri ambao hakuna aliyeutaka.

Hedifoni za wazi zina tabia ya shanga hizo. Si bidhaa mbaya. Ni bidhaa yenye mahali pake. Anayeziuza bila kujua mahali hapo huishia kulaumu kiwanda, wakati kosa lilikuwa kwenye uchaguzi wa mteja.

Zilikotoka

Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyotoa hedifoni za kwanza za wazi, HD 414, mwaka 1968. Zilikuwa nyepesi, zenye sponji za manjano, na ziliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman ikiwa na hedifoni ndogo za sponji, nazo zikiwa za wazi. Wengi waliosikiliza kanda kwa Walkman walizoea sauti ya aina hiyo bila kujua jina lake.

Mwaka 1984 Koss ya Marekani ilitoa Porta Pro, ambazo zimeendelea kutengenezwa kwa umbo karibu lile lile. Grado ya Brooklyn, New York, ilileta SR60 katika miaka ya 1990. Baadaye zilikuja nyingine za bei ya chini zenye vikombe vikubwa, kama Philips SHP9500, pamoja na Superlux HD 681 na Samson SR850 ambazo ziko wazi nusu. Kwa hiyo neno "nafuu" halina maana ya "hafifu" katika bidhaa hii. Muundo wa wazi hauhitaji betri wala chaji.

Mteja wake ni nani?

Hedifoni za wazi hazizuii kelele. Muungurumo wa basi, mashine ya kusaga na kelele za mnadani huingia moja kwa moja sikioni. Vile vile, sauti yake hutoka nje, na jirani kwenye kiti cha treni atasikia wimbo wote. Mteja anayetaka kitu cha safarini asiuziwe hizi.

Wateja wake ni wale wanaokaa mahali pamoja, penye utulivu, na wanaohitaji kusikia kinachoendelea karibu yao. Mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi ni mmoja wao: anasikiliza wimbo, na bado anamsikia mteja akibisha hodi. Fundi cherehani ni mwingine. Mtu anayepanga majani ya tumbaku kwa madaraja hukaa saa nyingi mikono ikiwa na kazi, masikio yakiwa huru, na mazungumzo na wenzake hayakatiki. Kijana anayerekodi na kuchanganya muziki chumbani naye huzihitaji, kwa sababu sauti yake haisongamani kichwani. Ila wakati wa kurekodi mwimbaji huyo huyo atahitaji za kufunga, la sivyo muziki utavuja na kuingia kwenye kipaza sauti.

Kuna sababu mbili zaidi za kuziuza maeneo hayo. Ya kwanza ni joto. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora huwa kali, na hedifoni za kufunga hulowanisha masikio kwa jasho. Za wazi hupitisha hewa. Ya pili ni redio: simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Hedifoni isiyo na waya haifanyi kazi hiyo.

Kupima sauti

Namba zilizo kwenye boksi zisimpumbaze mnunuzi. Koss huandika kuwa Porta Pro hutoa sauti kuanzia hezi 15 hadi 25,000, wakati sikio la binadamu husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na kiwango cha juu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Upana wa namba hauonyeshi ubora. Namba yenye manufaa ni ya omu. Zenye omu 32 au 60 kwa kawaida huendeshwa vizuri na simu; zile za omu 250 au 300 zimetengenezwa kwa amplifaya na kwenye simu zinaweza kusikika kwa unyonge.

Kabla ya jambo lolote, mnunuzi ahakikishe kuwa hedifoni ni za wazi kweli. Avae, afungulie wimbo, kisha afunike migongo ya vikombe kwa viganja. Kama ni za wazi, sauti itabadilika papo hapo. Isipobadilika, yale matundu ni urembo wa plastiki tu na nyuma yake kumezibwa.

Kisha atumie simu moja na wimbo mmoja kulinganisha jozi mbili, akihakikisha zinasikika kwa ukubwa sawa. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kama si bora, na wauzaji wengi wanalijua hilo.

Wimbo wa kupimia hauna haja ya kutoka mbali. Rekodi za zamani za mono, kama zile za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz au Tabora Jazz, zinafaa sana. Katika rekodi ya mono sauti ya mwimbaji lazima isimame katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, mnunuzi ageuze hedifoni, kulia kuwe kushoto. Sauti ikihama pamoja na kikombe, hedifoni au simu ina kasoro; ikibaki pale pale, tatizo ni sikio lake mwenyewe. Na kama mwimbaji haonekani kuwa mahali popote, na besi imepotea kabisa, inawezekana nyaya za upande mmoja zimeungwa kinyume kiwandani.

Besi ya hedifoni za wazi huwa nyepesi kwa asili, kwa kuwa sauti ya nyuma ya spika haikufungiwa na hukutana na ile ya mbele. Mteja aliyezoea besi ya kutikisa aambiwe hivyo kabla hajalipa. Swali la haki si kama besi inapiga kifua, bali kama noti za gitaa la besi zinasikika moja moja au zimekuwa mngurumo mmoja.

Mwisho, asikilize msomaji wa taarifa ya habari. Maneno kama "asubuhi", "shilingi" na "serikali" yana herufi zinazofichua kasoro. Herufi "s" na "sh" zikichoma sikio kama sindano, mteja atachoka ndani ya nusu saa. Na mlio wa kukwaruza kwenye noti nzito huashiria spika iliyochanika, iliyolegea, au iliyoingiwa na unywele au vumbi.

Kupima ukaaji

Sauti ndiyo inayouza jozi ya kwanza, lakini ukaaji kichwani ndio unaouza ya pili. Dakika mbili dukani hazitoshi. Jozi ya majaribio ivaliwe saa nzima, na kazi za kawaida ziendelee. Maumivu mengi huanza baada ya dakika 20 au 30: utosini kwenye upinde mgumu, nyuma ya sikio palipobanwa, au kwenye fremu ya miwani.

Mvaaji wa pili awe na kichwa tofauti na cha kwanza. Nywele zilizosukwa, kilemba, hijabu na kofia hubadilisha mkao. Sponji inayokaa juu ya sikio hubana zaidi penye kitambaa kuliko kikombe kikubwa kinachozunguka sikio lote. Upinde uwe na nafasi ya kurefushwa na kufupishwa, na ukiachiwa ubaki pale ulipowekwa.

Waya nao ni sehemu ya ukaaji. Baadhi ya jozi za studio zina waya wa mita 3 au zaidi, ambao hunasa kwenye kiti na baiskeli. Waya utikiswe karibu na pini wakati wimbo unapiga. Sauti ikikatika, jozi hiyo haitamaliza msimu. Aidha, pini ya milimita 6.3 haiingii kwenye simu bila kiunganishi, na simu nyingine mpya hazina tundu la milimita 3.5. Muuzaji aulize simu ya mteja kabla ya kufungua boksi.

Vumbi la kiangazi ni adui mwingine. Matundu yanayopitisha hewa hupitisha pia vumbi. Hedifoni za wazi zihifadhiwe ndani ya mfuko, na jozi ya kuonyesha isining'inizwe barazani. Sponji huchakaa na kubomoka. Anayeagiza hedifoni aagize na sponji za akiba, ambazo ni biashara ndogo yenye wateja wa uhakika.

Hesabu ya duka

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Mfanyabiashara ananunua jozi 20 kwa sh. 30,000 kila moja, jumla sh. 600,000. Anauza kwa sh. 42,000. Zikiisha zote atapata sh. 240,000 juu ya mtaji. Lakini zikirudi au kubaki jozi 5 tu, atakuwa amekusanya sh. 630,000, na faida yake ni sh. 30,000. Nauli na usafirishaji vikifika sh. 40,000, tayari ana hasara ya sh. 10,000, pamoja na jozi tano zinazokula vumbi.

Kwa maana hiyo, jozi moja ya majaribio ni gharama ndogo kuliko zote. Inunuliwe kwanza, ipimwe kwa siku kadhaa, kisha katoni ifuate. Risiti ya EFD idaiwe, na jozi chache za katoni zifunguliwe mbele ya muuzaji. Majina makubwa huigwa. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukikamatwa dukani anayepoteza kwanza ni mwenye duka.

Liko pia suala la afya. Anayevaa hedifoni za wazi penye kelele huongeza sauti ili aishinde. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Muuzaji anayemwelekeza mteja wa basini kwenye hedifoni za kufunga anamlinda mteja masikio, na anajilinda mwenyewe dhidi ya jozi inayorudi.

Kwa mwenye mtaji wa kati ya jozi 5 na 10, busara ni kuchanganya: sehemu kubwa iwe za kufunga kwa wasafiri na wapenda besi, na chache za wazi kwa mafundi, wenye vibanda, wapangaji wa tumbaku na vijana wa studio. Jozi moja ya wazi ibaki juu ya meza, pamoja na simu yenye wimbo mmoja wa zamani, na mteja aachwe akae nayo bila kuharakishwa. Akiivua kwa kusita, jozi hiyo imekwisha kuuzika.