Ndege ya Gramu 16: Elimu Iliyomo katika Kuunda Ndege Ndogo kwa Mti wa Balsa

Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Ufaransa, kijana wa miaka 21 aitwaye Alphonse Pénaud alisimama mbele ya wajumbe wa chama cha elimu ya usafiri wa anga, akiwa ameshika kitu kidogo chenye mabawa na mkia. Uzito wake ulikuwa gramu 16 tu, na kati ya hizo gramu 5 zilikuwa za mpira uliosokotwa ili kuzungusha rafadha, yaani pangaboi, iliyokuwa nyuma. Alipokiachia, kitu hicho kiliruka umbali wa meta 40 kwa muda wa sekunde 11, kisha kikashuka taratibu pasipo kupinduka. Hapakuwa na kamba iliyokishika wala mkono uliokiongoza.

Miaka 32 baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, Orville Wright wa Marekani aliruka kwa mara ya kwanza katika ndege yenye injini. Safari yake ilichukua sekunde 12, na umbali wake ulikuwa meta 36 na ushei. Msomaji akilinganisha tarakimu hizi ataona jambo la ajabu: kitu ambacho wengi wangekiita cha kuchezea kilikuwa kimetangulia kufika.

Makala haya yanakusudia kueleza ni elimu gani iliyomo katika ndege ndogo ya namna hiyo, na jinsi kijana mwenye wembe, gundi, ramani na subira anavyoweza kuiunda kwa mikono yake mwenyewe, tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho.

Kwa nini haipinduki?

Kila mtoto wa pwani aliyewahi kurusha kishada anajua kwamba upepo una nguvu ya kuinua. Lakini kishada hushikiliwa na uzi. Uzi ukikatika, kishada huyumba na kuanguka. Ndege haina uzi. Basi ni kitu gani kinachoishika isipinduke?

Pénaud alilijibu swali hilo kwa mambo mawili. La kwanza, ncha za mabawa yake zilikuwa zimeinuliwa kidogo. Ndege inapolala upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo. Bawa lililoshuka hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi kuliko lile lililopanda, nalo husukumwa juu zaidi, hata ndege ikarudi kuwa sawa. La pili, mkia wake ulitegwa kwa pembe ndogo kuliko ile ya mabawa, na uzito wa ndege ukawekwa mbele kidogo. Pua ikiinama, mwendo huongezeka, hewa huusukuma mkia chini kwa nguvu zaidi, na pua huinuka tena. Pua ikipanda mno, mwendo hupungua, mkia hulegea, na pua hushuka yenyewe.

Hivyo ndege hujirekebisha pasipo rubani. Kanuni hizi mbili zimo hata leo katika ndege nyingi zinazobeba abiria.

Habari za mti wa balsa

Balsa ni mti wa nchi za joto za Amerika, na nchi inayotoa mbao zake kwa wingi kuliko zote ni Ekwado. Neno lenyewe ni la Kihispania na maana yake ni chelezo, kwa kuwa wenyeji wa pwani ile walitumia magogo yake kuundia vyelezo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwe na wenzake watano walisafiri juu ya magogo tisa ya mti huo kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia, safari ya siku 101.

Wataalamu wa mimea huuhesabu mti huu kuwa jamaa ya miti tunayoifahamu vema, yaani mbuyu na msufi. Kama jamaa zake, hukua upesi na mbao yake ni laini. Katika muda wa miaka 6 hadi 10 huwa tayari kukatwa. Ungali hai, chembechembe zake kubwa zimejaa maji. Ubao ukikaushwa maji hutoka, na kinachobaki ni kuta nyembamba zilizozunguka hewa. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wake.

Balsa haikutumika kwa michezo tu. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, kiwiliwili chake kilikuwa cha balsa iliyobanwa katikati ya tabaka mbili nyembamba za mbao ngumu. Siku hizi mbao hizo hutiwa ndani ya mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo.

Mizani kwanza, wembe baadaye

Mbao za balsa hazilingani. Meta moja ya ujazo yaweza kuwa na uzito wa kilo 100, au 160, au hata 250. Macho hayawezi kutambua tofauti hiyo. Mizani huitambua mara moja.

Tuchukue ubao wenye urefu wa meta 1, upana wa sentimeta 10 na unene wa milimeta 2. Ujazo wake ni meta 0.0002 za ujazo. Ikiwa ni balsa nyepesi ya kilo 100, ubao huo utakuwa na gramu 20. Ikiwa ni ya kilo 160, gramu 32. Ikiwa ni ya kilo 250, gramu 50. Ubao wa mninga wenye vipimo hivyo hivyo ungezidi gramu 100. Fundi mwenye busara hupima kila ubao na kuandika uzito wake kwa penseli pembeni, kisha huchagua: ule mgumu kwa boriti za bawa zinazobeba mzigo, wa kati kwa kiwiliwili, na ule mwepesi kuliko zote kwa mkia.

Mkia unastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa uko mbali na kitovu cha uzito. Gramu moja iliyozidi mkiani huweza kudai gramu mbili au tatu puani ili ndege isawazike. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kibaba kikijaa ndege hairuki.

Kazi juu ya ramani

Ramani ya ndege ndogo huchorwa kwa ukubwa ule ule wa ndege yenyewe. Hutandazwa juu ya ubao ulionyooka, ikafunikwa kwa karatasi ya nta ili gundi isiishike. Boriti huwekwa juu ya mistari yake na kushikizwa kwa pini pembeni. Si vema kuichoma pini katikati, kwa maana tundu hudhoofisha mti.

Mbavu za bawa hapana budi zilingane. Njia rahisi ni kukata vielelezo viwili vya bati au mbao ngumu, kubana vipande vya balsa katikati yake kama kurasa za kitabu, na kuvipiga msasa vyote kwa pamoja. Ubavu mmoja ukizidi, karatasi itatuna mahali hapo na hewa haitapita vizuri. Wembe ukatao balsa ukate daima kuelekea mbali na vidole, na uwe mkali; wembe butu hauukati mti huu bali huuponda.

Gundi iwe kidogo. Kiungo kilichokatwa sawasawa hushikwa na tone dogo, na kiungo kilicholegea hakiokolewi na gundi nyingi. Kiunzi kikikauka hufunikwa kwa karatasi ya shashi, ile ile ya vishada, kisha hunyunyiziwa maji kidogo. Karatasi inapokauka hujikaza kama ngozi ya ngoma.

Hapa mwandishi ana ungamo. Katika bawa lake la kwanza alinyunyiza maji jioni, akaliondoa bawa ubaoni kabla halijakauka kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuliona. Asubuhi lilikuwa limejipinda kama jani kavu. Kazi ya majuma matatu ilianguka kwa sekunde mbili, nayo ilianguka ikizunguka upande ule ule wa pindo. Tangu siku hiyo bawa la maji hulala limebanwa kwa pini usiku kucha.

Vanishi inayopakwa juu ya karatasi ili kuziba matundu yake hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru. Ipakwe mahali penye hewa, mbali na jiko na taa ya moto.

Siku ya kurusha

Kabla ya kurusha, ndege isawazishwe. Iinue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo yapata theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kama upana ni sentimeta 12, weka vidole sentimeta 4 kutoka mbele. Ikiwa mkia unashuka, bandika udongo wa kufinyangia puani kidogo kidogo hadi ndege itulie.

Nenda uwanja wenye majani, asubuhi upepo ungali umelala. Usisokote mpira. Shika ndege usawa wa bega, pua ikielekea chini kidogo, uisukume mbele kwa upole kama mtu anayempa mwenzake kitu, wala usiitupe kama jiwe. Ikipanda, ikasita, kisha ikadondoka, pua ni nyepesi; ongeza udongo. Ikichimba ardhi moja kwa moja, pua ni nzito, punguza udongo. Ikipinda upande mmoja kwa nguvu, tazama kama bawa limejipinda kabla ya kugusa usukani.

Muhimu kuliko yote, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe daftarini. Mwenye kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata ndege ikiruka vizuri, hajui ni lipi lililomfaa. Kanuni hii ndiyo ile ile inayotawala maabara zote duniani, na kijana aliyeijua uwanjani hataisahau darasani.

Fumbo la ndugu wawili

Wengi wakifanikiwa hutamani kuunda ndege ile ile kwa ukubwa maradufu. Hapo hukutana na fumbo. Mwaka 1878 watoto wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliletewa na baba yao chombo kidogo cha kuruka kilichofuata mfano wa Pénaud. Waliunda vingine kwa kuiga, nao wakagundua kwamba kadiri walivyovikuza ndivyo vilivyoshindwa kuruka.

Sababu yake ni ya hesabu. Ukizidisha kila kipimo mara 2, eneo la mabawa huzidi mara 4, lakini ujazo wa mti, na kwa hiyo uzito, huzidi mara 8. Kila sentimeta ya mraba ya bawa sasa hubeba mzigo mara 2. Ili kuubeba, ndege lazima iende kasi mara 1.4 hivi, na nguvu inayohitajika ni uzito mara 8 kwa mwendo mara 1.4, yaani zaidi ya mara 11. Kwa hiyo ndege kubwa lazima ibuniwe upya. Haitoshi kukuza ramani.

Waliokwenda mbele ya wakati

Pénaud mwenyewe hakuona matunda ya kazi yake. Maradhi ya nyonga yalikuwa yamemzuia kuingia katika jeshi la maji. Mwaka 1876, pamoja na fundi Paul Gauchot, alisajili ramani ya ndege kubwa ya kuchukua watu, yenye magurudumu ya kukunjwa na kipini kimoja cha kuongozea. Hakupata wa kumfadhili. Oktoba 1880, akiwa mgonjwa na aliyekata tamaa, alijitoa uhai akiwa na miaka 30. Ramani ilikuwapo na akili ilikuwapo. Kilichokosekana ni injini nyepesi, na watu wa kumwamini.

Tuliweke kando yake jambo jingine. Tarehe 9 Agosti 2003 Maynard Hill, Mmarekani wa miaka 77 ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka, aliirusha kwa mkono kutoka Newfoundland, Kanada, ndege ndogo aliyoiunda hasa kwa balsa. Uzito wake pamoja na mafuta haukufika kilo 5, na mabawa yake yalikuwa na urefu wa meta 1.8 hivi. Ndege zilizoitangulia katika jaribio hilo zilikuwa zimepotea. Hii ilivuka bahari ya Atlantiki ikiongozwa na chombo chake cha ndani, ikatua Ireland tarehe 11 Agosti baada ya saa 38 na ushei, umbali wa kilometa 3,000 na zaidi. Katika tangi yalibaki mafuta kidogo sana. Kama kiunzi kingezidi uzito kidogo tu, ingeishia majini.

Wala asikate tamaa kijana asiyekuwa na balsa. Mwanzi uliochanwa, chelewa za mnazi na mabua makavu vyote vina uzito na ujazo, na vyote hupimika kwa hesabu tuliyoionyesha. Ndege ya chelewa itakuwa nzito zaidi na itahitaji mabawa mapana zaidi. Hesabu itamwambia mapana kiasi gani. Aanze na ndege ndogo isiyo na mpira, ya kuteleza angani tu. Aipime, aiandike, airushe. Ikianguka, aiokote na kusoma mahali ilipovunjika, kwa maana hapo pameandikwa somo linalofuata.