DAKTARI WA MIFUGO AKISOMA KWA INTANETI, MKULIMA ANAPATA NINI?

Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa mara nyingi: daktari wa mifugo atasomaje ng'ombe kwa kompyuta? Ng'ombe si hushikwa kwa mkono? Swali ni la haki. Tutalijibu kwa kutumia ugonjwa ambao kila mfugaji anaujua, yaani ugonjwa wa miguu na midomo.

Ugonjwa huu huletwa na virusi. Mnyama hupata homa, hutoa mate mengi na kuchechemea. Malengelenge hutokea mdomoni, kwenye chuchu na katikati ya kwato. Ng'ombe mkubwa mara nyingi hafi, lakini maziwa hukatika na ndama huweza kufa. Soko likifungwa kwa karantini, karo ya watoto nayo imekwama.

Wenzetu wa Ulaya wana shida tofauti. Kwao ugonjwa huu ni nadra, kwa hivyo daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona. Ulipozuka Uingereza mwaka wa 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa ili kuuzima. Januari 2025 ulionekana tena Ujerumani, mara ya kwanza tangu 1988.

Ndiyo sababu kukawa na ushirikiano. Kuna tume ya nchi za Ulaya ya kupambana na ugonjwa huu, iitwayo EuFMD. Ilianzishwa mwaka wa 1954 chini ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Tume hiyo hutayarisha masomo ya intaneti. Madaktari wa Ulaya wamekuwa wakisoma kwanza kwa kompyuta, halafu wanakuja Kenya, sehemu za Nakuru, kuingia mabomani pamoja na madaktari wetu. Nao madaktari wa Afrika Mashariki wamesoma masomo ya namna hiyo bila kuacha kazi. Kwa hivyo hii si sadaka. Kila upande una kitu cha kumpa mwenzake.

Wanajifunza nini hasa? Jambo moja ni kusoma umri wa kidonda. Lengelenge ambalo halijapasuka ni la siku moja au mbili. Likipasuka huacha nyama nyekundu yenye kingo kali. Baada ya wiki moja hivi, kovu huanza kuonekana. Picha nyingi zilizopangwa vizuri humzoeza daktari macho. Akijua kidonda ni cha siku tano, anahesabu nyuma na kuuliza: wakati ule mliuza ng'ombe kwa nani? Mlinunua wapi? Hivyo ndivyo ugonjwa unavyofuatwa mpaka chanzo chake.

Jambo lingine ni aina za virusi. Ziko 7, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Kwa hivyo daktari hujifunza kuchukua sampuli vizuri na kuipeleka maabara, kama ile ya Embakasi, Nairobi.

Lakini tuseme ukweli. Kompyuta haifundishi mkono kushika ulimi wa fahali. Tena afisa wa mashambani, asiye na stima wala pesa za bando, anaachwa nyuma, na yeye ndiye anayefika kwako kwanza. Hapo ndipo vikundi na serikali ya kaunti wanahitaji kukaa pamoja.

Wewe mfugaji ukiona mate na kuchechemea, usihamishe mnyama wala usiuze. Mwite afisa siku hiyo hiyo. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa maana bodi hiyo hudai waliosajiliwa waendelee kujifunza. Wauza dawa wa sokoni hawadaiwi hivyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Afisa wetu wa mifugo alipata mafunzo mapya lini?
2. Je, tunaweza kumsaidia kupata intaneti?
3. Ugonjwa ukizuka leo, nani atapigiwa simu kwanza?